Zuwena na Galaksi Alizozitupa kama Chenga

Saa mbili asubuhi, Zuwena Majidi anafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya kanga, anakunja miguu mkekani, anaanza kuchagua galaksi.

Galaksi zenyewe hazipo. Kompyuta imezitunga: makundi ya nyota, mengine makubwa, mengine yamezama kwenye vumbi. Ya kweli, darubini mpya huko angani itayaona kwa joto lao tu.

"Kama kaa la moto chini ya majivu," anasema. "Hulioni, lakini ukisogeza kiganja unajua lipo."

Yeye huweka alama kwenye kila doa analoliona kuwa galaksi. Kwa hesabu hiyo Dk. Mektilda, mtafiti aliyepanga chumba hapa Ng'ambo, Tabora, hubashiri darubini itaona galaksi ngapi. Alimwajiri Zuwena, mwenye miaka 23 na elimu ya darasa la saba, baada ya kumwona akichagua mchele barazani. Humlipa shilingi elfu kumi na mbili kwa siku.

Utabiri ulikuwa utumwe Ijumaa. Jumanne, picha mia sita zikiwa zimekwisha, Zuwena alikuwa akimsaidia mama yake, Bi Tatu, muuza vitumbua, kuchagua mchele.

"Wee! Unatupa nini?"

"Chenga, mama. Zimevunjika."

"Vitumbua unavyokula kila siku nasaga nini, vumbi la barabarani? Chenga nazo ni mchele, mwanangu. Uzungu wako wa nyota umekupofusha!"

Zuwena akaushusha ungo mapajani. Yale madoa hafifu, madogo, ya kwenye picha, alikuwa ameyaruka yote. Alidhani zinatakiwa galaksi nzima tu.

Akawaza kunyamaza. Nani angejua? Lakini utabiri ungetoka pungufu, kwa jina la mtu aliyemwamini. Akavaa kandambili, akaenda kwa Mektilda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nimeziharibu picha zako. Zote."

Mektilda alisikiliza hadi mwisho. "Tuna siku tatu," akasema. "Utaweza kuzirudia zote?"

"Nikishindwa, nifukuze."

Leo ni Alhamisi, zimebaki picha arobaini. Bi Tatu ameleta vitumbua, anachungulia kioo. "Mimi naona giza tu."

"Tulia uangalie, mama."

Darubini ikianza kuleta picha za kweli, Zuwena anataka awepo, alinganishe hesabu yake na anga lenyewe. Ameshamwomba Mektilda.

"Nitaanza na zile hafifu," anasema, kidole kikifuata doa ambalo mama yake bado analitafuta.