Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili

Asenath Nasike alikuwa na sauti isiyohitaji maikrofoni. Wageni walipokuja kuhubiri kwa Kiingereza katika kanisa lao la mtaa wa Mbotela, Nairobi, yeye ndiye aliyesimama kando yao kuwafasiria, na waumini walisema mahubiri yalinoga zaidi yakitoka kwake kuliko yakitoka kwa mhubiri. Siku za kazi alifundisha watoto wa nasari katika ukumbi wa mtaa. Mumewe, Patrobas, alikuwa dereva wa lori la kanso, yaani baraza la jiji, na nyumba yao ya vyumba viwili waliipata kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1972 Patrobas aliugua tumbo wiki tatu, akafa. Kabla matanga hayajaondolewa barua ikaja. Nyumba ile ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo tena. Mjane na watoto wake watatu, Wekesa na wadogo zake wawili, walipewa siku thelathini.

Aliyewaokoa ni Diwani Nzuki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye Barabara ya Jogoo na malori manne ya mchanga. Alikuja mwenyewe, akanywa chai, akaisoma barua polepole, akaikunja na kuitia mfukoni. Alimwambia Asenath asikanyage ofisi ya nyumba za kanso, maana akionekana huko watakumbuka kwamba yupo. Kodi awe anaipeleka dukani kwake, naye ataifikisha. Siku thelathini zikapita, hakuna aliyekuja kuwatoa. Asenath alimwombea yule mzee kila usiku kabla ya kulala.

Kwa hiyo diwani alipomwomba amfasirie waziri mdogo aliyekuja kufungua zahanati, Asenath hakuwa na la kufikiria. Waziri alifasiriwa bila shida. Shida ilikuwa diwani mwenyewe. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayekaba kuku, akatangaza kwamba anataka kila mama wa Mbotela azalie pale, na kwamba yeye ndiye baba wa watoto wote watakaozaliwa. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Waziri aliangalia viatu vyake. Asenath, bila kuagizwa na mtu, akainama kwenye maikrofoni akasema, "Mheshimiwa anasema atawalea watoto hao kama baba." Kicheko kikageuka makofi.

Tangu siku hiyo Nzuki hakupanda jukwaani bila yeye. Kwenye mazishi alimpa marehemu pole na kumtakia afya njema. Asenath akasema mheshimiwa anaiombea familia. Kwenye shule aliwaambia wazazi kwamba bila ujinga watoto hawawezi kusoma. Asenath akasema mheshimiwa anaomba tupigane na ujinga. Vijana wa mtaa wakambandika jina, Mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili. Mwanzoni lilimchekesha hata yeye.

Uchaguzi wa 1974 ulipokaribia, alijitokeza mpinzani, Matheka, karani wa mawakili, mtu wa maneno yaliyopigwa pasi. Matheka aliweza kuzungumza saa nzima bila kujikwaa, na hakutafuta neno likamkosa. Watu walimsikiliza, wakamsifu, wakaenda zao. Pale wanaume walipokunywa chai walisema Matheka anaongea kama redio, lakini redio haijamchimbia mtu mfereji. Nzuki naye walimcheka, na aliyekwisha kumcheka alijiona kama jamaa yake.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Mabanzi, kijiji cha vibanda vya mbao na mabati karibu na reli, walikoishi vibarua wa viwandani. Phelister, rafiki wa Asenath waliyeimba naye kwaya, aliishi huko akiuza omena, dagaa wa ziwani. Alisimama mstari wa mbele, beseni kichwani. Nzuki aliinua mkono akasema, "Mkinichagua, nitamaliza maskini wote wa Mabanzi."

Kicheko kilisikika hadi relini. Asenath alishazoea; hakusubiri hata kiishe. "Mheshimiwa anasema atamaliza umaskini," akasema, na akaongeza ya kwake mwenyewe, kwamba pale patawekwa maji na taa. Phelister alipiga kigelegele. Nzuki akashinda kwa kura nyingi.

Mwaka 1976, Jumatatu asubuhi watoto wakielekea shule, tingatinga liliingia Mabanzi. Kufikia saa sita pale palikuwa uwanja. Baada ya wiki palizungushiwa ua, na malori ya mchanga ya Nzuki yakaanza kulala ndani yake.

Phelister alimkuta Asenath mlangoni pa nasari. Alikuwa na godoro lililokunjwa na jiko la mafuta ya taa. Hakupaza sauti.

"Mama Wekesa, yule mzee alisema maskini. Mimi nilisikia vizuri. Wewe ndiye uliyesema umaskini."

Asenath alimkaribisha akae kwake. Phelister alikataa, akaenda kutafuta pa kujishikiza katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben.

Siku ya pili Asenath alikwenda dukani Barabara ya Jogoo kusema kwamba hatafasiri tena. Nzuki alikuwa peke yake, akipima misumari kwenye mizani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"Mwalimu," akasema, "umewahi kuona watu wakimwogopa mtu wanayemcheka?"

Asenath aliketi.

"Matheka akisema neno, wanalipima. Mimi nikisema, wanacheka, kisha wanakungoja wewe uwaambie nilichotaka kusema. Na wewe huwaambia jambo jema kila mara, kwa sababu una moyo mwema. Sijawahi kukufundisha hata neno moja." Akamimina misumari kwenye karatasi, akaifunga. "Ile nyumba bado ina jina la marehemu. Ukichoka kunisaidia nitaelewa. Na wewe utaelewa nikichoka."

Hakujikwaa hata mara moja. Asenath alitembea kurudi nyumbani akijiuliza ni mara ngapi yule mtu alikosea kweli, na ni mara ngapi alikosea akijua. Jibu hakulipata. Alilopata ni kwamba Wekesa alikuwa kidato cha kwanza, wadogo zake walikuwa nyuma yake, na hakuna mahali pengine Nairobi ambapo mshahara wa nasari ungeweza kuwalaza watoto watatu chini ya paa la vigae.

Akaendelea. Alijaribu kuugua siku za mikutano. Diwani alimtuma mtu na dawa, na gari la kumchukua. Alijaribu kufasiri neno kwa neno, lakini alipofungua kinywa ulimi ulijipindia wenyewe upande wa heri, kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Kanisani alimwomba mchungaji atafute mkalimani mwingine. Mchungaji alidhani ni uchovu.

Mwaka 1979, kwenye mkutano wa kampeni karibu na mtaa wa Mowlem, Nzuki alimshambulia Matheka aliyesimama tena. "Huyu anawaahidi uongo," akasema. "Mimi uongo wangu wote nimeutimiza."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, wakamtazama Asenath. Nzuki akampa maikrofoni akitabasamu. Pembeni kabisa mwa umati alimwona Phelister, aliyekuja kuuza. Asenath alishika kile chuma akahesabu pumzi zake. Alikuwa na sentensi tayari, fupi, ya maneno matano tu: Mheshimiwa amesema kweli, msikieni alivyosema. Akafungua kinywa kuitoa.

"Mheshimiwa anasema," akasema mwishowe, "kwamba ahadi zake amezitimiza."

Makofi yakapigwa. Alipoinua macho, Phelister alikuwa ameshageuka, beseni lake likienda juu ya vichwa vya watu.

Nzuki alishinda tena, na Asenath alimfasiria miaka mingine minne. Kilichomtoa hakikuwa ujasiri wake. Mwaka 1983 kanso ilivunjwa, madiwani wote wakarudi nyumbani, na Nzuki akarudi kwenye misumari yake. Asenath alilala macho siku kadhaa akingoja barua nyingine. Ilipokawia, akaona heri kufukuzwa kuliko kungoja. Akavaa gauni lake la kanisani akaenda ofisi ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Patrobas afe.

Karani wa kike, Mbithe, alitoa faili, akapekua, akamuuliza shida yake hasa ni nini. Nyumba iko kwa jina lake, Asenath Nasike, akamwambia. Kuna utaratibu wa wajane. Iliandikwa hivyo tangu mwezi wa tatu baada ya kifo cha mume. Kulikuwa na nakala ya barua ya kumjulisha, na sahihi ya diwani aliyekubali kumpelekea.

Asenath aliomba aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akamshukuru karani, akatoka.

Hakuelekea Mbotela. Alishika njia ya Mukuru kwa Reuben akiuliza mlango kwa mlango mpaka akamkuta Phelister akianika omena kwenye gunia. Phelister akamsogezea kigoda. Asenath alikaa. Alianza kusema, akakwama, akaanza upya, akachanganya miaka, akataja jina la Nzuki pahali pa Patrobas. Phelister hakumsaidia neno hata moja. Aliendelea kugeuza omena kwa kiganja, akisikiliza, mpaka jua likaondoka kwenye gunia.