Asubuhi ya Mjadala wa Muungano

Nikisikia harufu ya uji wa ulezi, nakumbuka asubuhi moja ya baridi nyumbani Pito, kijiji cha Bara. Redioni walikuwa wakijadili kama Zanzibar ibaki kwenye Muungano au ijitoe. Muungano niliujua kwa sikukuu yake tu, siku ambayo hatukwenda shule.

"Wakitaka kwenda, waende," alisema baba, Mfipa wa hapohapo.

Mama, mzaliwa wa Unguja, akaacha kukoroga uji. "Na mimi je?"

"Wewe ni mke wangu."

"Sikuuliza hilo."

Baba akazima redio. Sikuelewa nani anaondoka, wala lini. Nikavaa sweta na viatu, nikakaa karibu na mama.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" aliuliza mama.

Nikamwambia sijui, namsubiri yeye.