Nilirekebisha Chati ya Bosi Mbele ya Wakulima, Sasa Anataka Nimwombe Msamaha

Admin, nifichie jina lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naishi Kimumu na mtoto wangu mmoja ninayemlea peke yangu. Nafanya kazi ya data kwa kampuni moja ya maziwa hapa Eldoret.

Juzi bosi wangu alitengeneza chati ya kuonyesha asilimia ya maziwa inayokataliwa kwa kila kituo ambapo wakulima huleta maziwa. Kituo kimoja kidogo kikatokea kibaya kuliko vyote. Ikaamuliwa kifungwe.

Mimi nikashuku, nikafungua formula, ile hesabu iliyo nyuma ya chati. Bosi alikuwa ameweka variable, yaani hesabu ndogo yenye jina lake, ndani ya variable nyingine. Ya nje inapiga asilimia, ya ndani inafaa kuleta maziwa mbaya ya kituo hicho pekee. Lakini hiyo ya ndani ilikuwa inaleta maziwa mbaya ya vituo vyote, halafu inagawanywa kwa maziwa ya kituo kimoja. Kituo kidogo kingeponea wapi?

Nilimwendea kwa ofisi yake, kwa heshima, tukiwa wawili tu. Akaniambia, "Wewe msichana, hiyo chati imeshapita kwa mkurugenzi. Wachana nayo."

Siku ya mkutano na wakulima wa hicho kituo, mama mmoja mzee alisimama. "Mimi huosha mikebe na maji moto kila asubuhi. Sasa mnataka nioshe ng'ombe na sabuni ya uso?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Bosi akamjibu, "Mama, kompyuta haidanganyi."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikaenda kwa laptop, nikarekebisha ile variable ya ndani kila mtu akiona kwa projekta ukutani. Asilimia ya maziwa mbaya ya kituo chao ikashuka mpaka karibu chini kabisa. Nikasema, "Mama, maziwa yako haina shida. Hesabu yetu ndiyo ilikuwa na shida."

Kituo hakikufungwa. Mimi nimepewa barua: nimwombe bosi msamaha mbele ya wafanyakazi wote, ama niende nyumbani. Mamangu ananipigia akilia, "Omba tu, mtoto atakula nini?"

Naogopa, sitawadanganya. Lakini msamaha wa nini? Wa kujua kazi yangu? Siombi! Kwa hivyo msiniambie ninyenyekee, hiyo nimeambiwa ya kutosha. Kama umewahi kukataa barua kama hii, niambie uliijibu vipi. Jumatatu naingia ofisini na jibu langu.