Nilivyopeleka Maji ya Ghuba Yetu Musoma

Niliondoka kijijini kwa sababu ya meli ya mafuta. Kila ilipotoka kushusha mzigo Musoma, ilisimama kwenye ghuba yetu, ikaosha matangi, ikaenda zake. Sisi tulibaki na utando mweusi kwenye matete wanamozalia samaki wetu, ngege. Barua zetu mbili kwenda ofisi ya mkoa, Musoma, zilijibiwa kwamba tunaota. Basi mkutano wa kijiji cha ujamaa ukanituma mimi, katibu, nikawaonyeshe wakubwa kwa macho. Nilichota maji yale kwenye chupa, nikaiziba kwa gunzi.

Bunda nilipata lori la pamba, nalo likaishia Nyamuswa saa kumi jioni. Huko ameolewa shangazi yangu Nyangeta, kwa wafugaji. Aliniuliza safari ni ya nini. Nikajibu kwa maringo kwamba ni mambo ya ofisi, nikala ugali wa mtama, nikalala fofofo.

Alfajiri nilikuta shangazi ameshanifungia mkoba. Nilitembea mpaka Butiama jua likiniwakia utosini, kisha gari la serikali likanibeba hadi Musoma.

Afisa alinipokea vizuri, hata akamwita karani ashuhudie. "Haya, ndugu katibu, tuyaone hayo mafuta."

Nikatoa chupa. Ilikuwa imesuguliwa ikatakata, na ndani mlikuwa na maziwa.

Karani alicheka mpaka akakohoa. Afisa hakucheka. Aliandika kwamba mlalamikaji hana ushahidi, akafunga jalada. "Shauri limekwisha hilo, ndugu. Usilileteage tena hapa." Nilitoka nikitamani ardhi inimeze.

Nyamuswa nilirudi nimefura kwa hasira. "Shangazi, maji yangu yako wapi?"

"Yale machafu? Nilimwaga, nikasugua chupa na majivu. Mgeni wangu hatokagi hapa bila maziwa, baba. Kwani hukunywa?"

Nilimshukuru, nikaendelea na njia.

Kijijini nilisimulia yote. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Nilichojifunza ni kichungu: nafasi yetu ilikuwa moja, na neno moja kwa shangazi lingeiokoa. Nililimeza kwa kiburi cha ukatibu.

Meli ilikuwa imepita tena nilipokuwa safarini. Kaka yangu Magesa, mvuvi tangu utotoni, alikuwa anakunja nyavu ambazo hazikuwa na samaki hata mmoja. Nilimwuliza atavua wapi kesho.

"Kesho naenda kuomba shamba la pamba," alisema. "Wewe katibu, niandikie barua."

Nikaiandika.