Magadi ya Kuzuia Uzee

Juma lililopita, kwenye foleni ya zahanati moja huko Mbooni, nilisimama nyuma ya mwalimu wa miaka hamsini hivi ambaye hakuacha kujipapasa mashavu. Zamu yake ilipofika, alimwinamia muuguzi dirishani.

"Sista, nimesoma kwenye gazeti lililofungiwa sukari kwamba asidi mwilini ndiyo inatuzeesha. Basi kila asubuhi nakunywa maji ya magadi."

"Magadi haya ya kupikia maharagwe?"

"Hayo hayo. Kama yanalainisha maharagwe, yatashindwa na asidi? Na kutembea nimeacha. Ukihema sana, hewa inakushikisha kutu ndani kama jembe. Lakini sasa tumbo linawaka, na nikipanda ngazi tatu moyo unaruka. Sista, nazeeka upesi?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mwalimu, asidi hiyo mapafu na figo zinaiondoa zenyewe. Kutu ipo, lakini mwili unaotembea ndio unajifunza kuisugua. Magadi acha leo."

Nyuma yetu mama mzee, ambaye kamba ya kubebea maji imemchora paji la uso, akacheka. "Huyu nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Siku hizi tukipanda kilima, mimi na maji yangu ndio tunamngojea."

Mwalimu hakucheka, wala mimi. Nilipofika nyumbani niliurudisha mkebe wa magadi jikoni, kabla mke wangu hajauliza ulikuwa unafanya nini kando ya mswaki wangu.