Aliyenilaza Chini ya Mgunga

Hii sikusimuliwa na mtu. Ilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, na shahidi niko naye.

Baada ya kumzika mama yangu kule Bungoma, nilirudi Kitengela, tulikokuwa tumepanga, nikiwa mtu asiyelala. Nilikuwa nasikiliza malori ya barabara kuu mpaka kukucha. Dawa nilimeza, na kanisani wakaniombea. Wapi! Mume wangu akaona heri tuanze kujenga kwenye ploti yetu ya Oltepesi, angalau niwe na kitu cha kunishughulisha.

Basi nikaenda huko na Mutiso, fundi wetu. Katikati ya ploti palikuwa na mgunga mkubwa, ule mti wa miiba, matawi yametanda kama mwavuli. Mutiso akasema umesimama mahali pa sebule, lazima ukatwe. Nikakubali. Kwani mti ni nini? Akaenda senta, kule madukani, kutafuta mtu wa pawa-soo, ule msumeno wa mashine, nami nikakaa kivulini kumngojea.

Mara nikasikia nasalimiwa kwa Kibukusu, lugha ya kwetu Bungoma. Fikiria, huko Umasaini! Upande wa pili wa shina alikuwa amekaa mama mzee, miguu ameinyoosha, leso begani. Sikumjua. Akaniuliza kwa nini silali, na niamini, sikuwa nimemwambia lolote. Nikamweleza yote, vile mama alikufa nikiwa bado njiani, hata hatukuagana. Alinisikiliza tu. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani, njiwa wakilia juu. Kisha akapigapiga paja lake taratibu.

"Weka kichwa hapa," akasema. "Mimi nitakaa macho."

Nikalala.

Nilipoamka, jua lilikuwa limeinama na kichwa changu kiko juu ya mzizi. Mutiso alikuwa ameketi mbali pamoja na mtu wa pawa-soo, mashine haijawashwa. Nikamuuliza mbona hawakuniamsha.

"Ningekuamsha aje, na mama yako aliweka kidole mdomoni mwake kunionyesha ninyamaze?" akajibu. "Kwani ameenda wapi?"

Tuliuzunguka ule mti. Kwenye vumbi, pale alipokuwa amekaa, palikuwa na nyayo zangu peke yake. Mwenye mashine aliifunga kwenye pikipiki akaondoka bila kuaga.

Jirani yetu, mama wa Kimasai, nilipomhadithia hakushangaa. Alisema watoto wake wakisumbua kulala, huwaleta pale tangu zamani, hata kabla ploti hazijauzwa.

Mgunga bado upo. Nyumba yetu imejengwa ikijipinda kuukwepa, na wageni hutucheka. Yule mama sijamwona tena, ingawa jioni huwa natoka kumsalimu. Usingizi ulirudi, na mama yangu sasa naweza kumtaja bila kulia.

Kwa hivyo wewe unayenunua ploti huku kwetu, kaa kwanza chini ya mti wako, unyamaze, ndio umwite mwenye mashine. Kivuli ukishakiangusha, hakuna mabati ya kukirudisha.