Siku Mtani Alipotupa Pole

Asubuhi ile nilikuwa uani napeta uwele, Maganga akapita na baiskeli yake imejaa mitumba. Maganga alikuwa Mnyamwezi, sisi Wagogo, yaani watani. Alisimama kwenye zizi la kaka yangu Ndahani akaanza kuwanyooshea ng'ombe kidole: huyu wangu, yule wangu, dume lile nakuja kulichukua kesho.

"Njoo na kamba yako," nikamwambia. "Mbeba mizigo wewe, kwenu mlishafuga nini zaidi ya chawa?"

"Na nyinyi ombaomba, mkinyimwa mnalia!"

Ndahani alicheka mpaka akakaa chini. Kwetu hasira zilipitia humo humo kwenye utani. Ukiudhiwa na mtu, ulimtuma mtani akamseme hadharani, watu wakacheka, yakaisha. Hata msibani, mtani ndiye aliyeingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na waliokuwa wamenuniana wakajikuta wanacheka pamoja.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeachia biashara huria. Kila mtu aliuza alichonacho, na ng'ombe wakapanda bei mnadani. Ndipo wakaja watu wenye bunduki. Serikalini waliita wizi wa mifugo. Sisi tuliokuwa tunalala na viatu miguuni tuliita vita, maana vijiji vya jirani vilishapigwa.

Kwetu walikuja alfajiri, kesho yake baada ya Maganga kupita.

Nilisikia mbwa, kisha risasi. Mbwa wakanyamaza.

Nililala kifudifudi na mama, uso kwenye vumbi. Ng'ombe walitoka kwa kishindo. Ndahani akapiga yowe la kuita watu.

Sikumsikia tena.

Kulipokucha tulimkuta mlangoni pa zizi, risasi imepita kifuani. Nilishikwa na hasira! Na waliomuua walishavuka mbuga, wa kumkasirikia hayupo. Basi watu wakaanza kutazamana. Nani kawaonyesha njia? Wamejuaje zizi hili ndilo lenye ng'ombe wengi? Mjumbe wa nyumba kumi alinitazama mimi, mimi nikamtazama mke wa jirani aliyechelewa kuja. Kisha mmoja akasema, "Kuna mtu jana alikuwa anawanyooshea kidole."

"Jamani, ule ni utani!" nikapiga kelele.

"Utani gani wa kutaja mpaka siku?"

Walimfuata Maganga kwake, wakamfunga kamba, wakampiga, wakapekua mitumba yake nguo moja moja. Hawakukuta kitu. Mchana wakamfungua, na hakuna aliyemwomba radhi.

Alikuja mazikoni jicho limevimba. Tukampisha njia hadi kaburini. Tulingoja aruke ndani, amwige Ndahani alivyokuwa akitembea, atutukane sote, yaishe. Mama alishafunga kwenye pindo la khanga kitu cha kumpa. Maganga akatupa udongo, akavua kofia, akamwendea mama.

"Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba."

Akaondoka. Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu asubuhi, hapo ndipo alipoangua kilio.

Vita vile viliisha askari walipoweka kambi. Ng'ombe hawakurudi. Aliyewaongoza wale watu hatukumjua, na mpaka leo nikienda harusini pale kijijini nasoma nyuso za watu, najiuliza. Maganga hakuhama. Alifungua duka, na kila nikiingia ilikuwa habari za asubuhi dada, karibu dada. Adabu tupu! Iliniuma kuliko tusi.

Siku moja nikamchokoza: "Mnyamwezi gani wewe, tangu lini ukajua adabu?"

Akaweka mzani chini, akanitazama.

"Dada, nikikujibu, halafu ng'ombe wa mtu wakaibiwa, mtakuja kwa nani?"

Nikamwomba chumvi. Akanipimia chumvi, akaifunga vizuri kwenye gazeti, akasema ahsante, karibu tena.